Jina la Kocha wa Mtaani: Kibao Kinahitaji Bikoni

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Saa kumi alasiri, katika kata nyingi za nchi yetu, hutokea jambo lisilokuwamo katika ratiba ya ofisi yoyote. Mtu mzima mmoja, aghalabu mwenye kazi nyingine asubuhi, hufika katika kiwanja cha vumbi akiwa na wavu wa mipira mitatu au minne begani na filimbi shingoni. Humwaga majivu au pumba za mbao kuchora mistari, huwagawa watoto arobaini katika makundi, huwasuluhisha wanaogombania jezi, na huwarudisha nyumbani kabla giza halijaingia. Hana mshahara wala posho kwa kazi hiyo. Asipoonekana siku mbili mfululizo, wazazi huanza kuulizana kama anaumwa.

Mtu huyo anapozeeka, au anapofariki dunia, husimama mzazi au mchezaji wake wa zamani katika mkutano wa mtaa na kutoa hoja kwamba kiwanja kiitwe kwa jina lake. Hoja ya namna hiyo haina mpinzani. Hupigiwa makofi, huandikwa katika muhtasari, na mara nyingine fundi wa kuchora vibao hutafutwa wiki hiyohiyo. Makala haya yanachambua kile ambacho makofi hayo hayakihakikishi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kuwa wenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, baada ya kuandaa kwa pamoja michuano ya CHAN mwezi Agosti 2025. Viwanja vikubwa vinajengwa na vingine vinakarabatiwa, na kila uwanja mpya huzaa mjadala wa jina. Ni kawaida macho ya wengi kuelekea huko. Hata hivyo, mtoto wa miaka tisa hajifunzi kupiga mpira katika uwanja wa watu 60,000. Anajifunza mchangani, na mchangani ndiko ambako majina hayajaandikwa.

Orodha ya majina ya viwanja vyetu vikubwa ni sehemu ya historia ya Taifa. Uwanja mkuu jijini Dar es Salaam ulipewa jina la Rais wa Awamu ya Tatu, Hayati Benjamin Mkapa, alipofariki dunia mwezi Julai 2020. Mbeya kuna Sokoine, Tabora kuna Ali Hassan Mwinyi, Shinyanga kuna Kambarage, na Iringa kuna Samora, jina linalokumbusha ushirika wetu na Msumbiji katika ukombozi. Songea imechagua kukumbuka vita badala ya mtu mmoja: Majimaji, ya mwaka 1905 hadi 1907. Majina haya yamewekwa kwa sababu zinazoeleweka, na hakuna anayependekeza yaondolewe.

Mfano wa Arusha unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Sheikh Kaluta Amri Abeid, ambaye jina lake limo katika uwanja wa jiji hilo, alikuwa mwanazuoni, malenga, mwandishi wa kitabu kinachofundisha kanuni za utunzi wa mashairi ya Kiswahili, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na Waziri baada ya Uhuru. Alifariki dunia mwaka 1964. Jina lake hutajwa redioni kila timu inapocheza Arusha, lakini ni wangapi kati ya vijana wanaolitamka wanaojua kwamba ni la mshairi? Jina linaweza kudumu midomoni huku mwenye jina akisahaulika, na hilo linaweza kumtokea hata mtu wa hadhi ya Kitaifa. Kocha wa kata, ambaye hakuandika kitabu wala hakushika wadhifa, atasahaulika mapema zaidi iwapo kibao kitabeba jina tupu.

Majirani zetu nao wana mifano. Eldoret ina Uwanja wa Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki za mwaka 1968 na 1972, aliyepewa heshima hiyo akiwa hai. Mwaka 2019, baada ya kifo cha mchezaji nguli Joe Kadenge, uongozi wa Kaunti ya Nairobi ulitangaza kuwa City Stadium itaitwa kwa jina lake. Kampala, uwanja wa klabu ya KCCA uliopo Lugogo una jina la Phillip Omondi, aliyekuwa nyota wa klabu hiyo. Kigali nayo, mwezi Machi 2023, iliuita uwanja wa Nyamirambo kwa jina la Pelé, kufuatia wito wa FIFA kwamba kila nchi iwe na uwanja unaomkumbuka Mbrazili huyo. Wito huo ulikuwa wa heshima, ingawa mtu anaweza kuuliza, bila kumvunjia adabu mfalme wa soka, kama mtaa hauna wa kwake wa kumkumbuka.

Wote hao walikuwa wachezaji, na mchezaji ana mabao, medali na picha. Anayemfundisha mtoto kuvaa viatu vya mpira ana nini cha kuonesha? Ndiyo maana viwanja vyenye majina ya walezi wa vijana ni nadra, na ndiyo maana ule wa Kinshasa unafaa kusimuliwa kwa kirefu.

Raphaël de la Kethulle de Ryhove alikuwa mmisionari wa Kibelgiji aliyefika mjini humo, wakati huo ukiitwa Léopoldville, mwaka 1917. Alifungua shule, lakini kilichomfanya ajulikane mitaani ni michezo. Alianzisha vyama vya michezo kwa vijana wa Kiafrika, alisimamia ujenzi wa viwanja, na alitumia takribani miongo minne katika kazi hiyo hadi alipofariki dunia mwaka 1956. Watu walimwita Tata Raphaël. Katika Kilingala, tata ni baba.

Uwanja mkubwa uliofunguliwa mjini humo mwaka 1952 haukupewa jina lake. Uliitwa kwa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Tarehe 4 Januari 1959, umati uliotoka kutazama mechi katika uwanja huo ulijikuta katikati ya machafuko yaliyoharakisha uhuru wa Congo. Mwaka 1967 jina la mfalme liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na tarehe: Uwanja wa 20 Mei, siku ya kuanzishwa kwa chama cha Rais Mobutu. Ni kwa jina hilo ulishuhudia pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974. Utawala wa Mobutu ulipoanguka mwaka 1997, tarehe hiyo nayo iliondolewa, na ndipo uwanja ukaitwa Tata Raphaël, jina ulilonalo hadi leo.

Mfalme alidumu ubaoni miaka 15, na chama miaka 30. Mlezi wa vijana alipata zamu yake zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, tena katika nchi huru ambayo haikuwa na deni kwa mmisionari wa enzi za ukoloni. Hakuwa mtu asiye na kasoro za zama zake, kwani elimu ya Kibelgiji ilikuwa na mipaka iliyowekwa makusudi dhidi ya Mwafrika, naye aliifundisha ndani ya mipaka hiyo. Pamoja na hayo, Wakongo walipotafuta jina ambalo halingelazimu kufutwa na utawala ujao, walilikuta kwa mtu aliyewapangia watoto mechi. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi kwa halmashauri yoyote inayosita kumpa kocha nafasi ambayo kwa mazoea huachiwa kiongozi.

Hapa kwetu, utamaduni wa kumpa mtu wa kawaida mahali haukusubiri sheria. Abiria wa Dar es Salaam hushuka Kwa Azizi Ali. Wa Arusha hupanda gari la Kwa Mrombo. Neno hilo dogo, "kwa", limewapa heshima wenye nyumba, wenye maduka na wenye mashamba bila kikao chochote. Operesheni ya Anwani za Makazi na Postikodi, iliyozinduliwa jijini Dodoma tarehe 8 Februari 2022 na kukamilishwa kwa ajili ya Sensa ya mwezi Agosti mwaka huo, ilichukua utamaduni huo na kuupa utaratibu: wakazi walipendekeza majina ya barabara na njia zao katika mikutano, na vibao vikasimikwa. Kwa mara ya kwanza wananchi wengi waliona jinsi jina linavyotoka mdomoni na kuingia katika kumbukumbu za Serikali. Uzoefu huo upo, na unaweza kutumika kwa viwanja vya michezo.

Tatizo linaanzia katika neno lenyewe. Lugha yetu hutumia neno moja, kiwanja, kwa mahali pa kucheza na kwa kipande cha ardhi cha kujengea nyumba. Mtoto akisema "twende kiwanjani" anamaanisha jambo moja. Dalali akisema "kuna kiwanja pale" anamaanisha jingine. Na mara nyingi wote wawili wanaelekeza kidole mahali palepale. Uwanja wa mpira wa miguu wenye vipimo vya mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ukigawanywa katika viwanja vya makazi vya mita za mraba 400, hata ukiacha nafasi ya kupita, unatoa zaidi ya kumi na tano. Katika kata ambayo bei ya ardhi inapanda kila mwaka, hesabu hiyo inafanywa na watu wengi, na wote hawaifanyi kwa nia njema.

Ndiyo maana jina peke yake halilindi kitu. Kinacholinda ni mlolongo ambao hauna makofi. Mjini, eneo sharti lionekane katika mchoro wa mipango miji kama eneo la michezo, lipimwe, liwekewe bikoni, na umiliki wake usajiliwe kwa jina la halmashauri au taasisi ya umma. Likishafikia hapo, kubadili matumizi yake kunahitaji hatua za wazi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na wananchi wana nafasi ya kupinga. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya jumuiya, isiyogawiwa mtu mmoja mmoja, na kiwanja cha michezo kinapaswa kuorodheshwa humo. Viwanja vingi vya mchangani havijapita njia hiyo. Vilianza kama shamba lililoachwa, eneo la shule lisilo na uzio, au bonde ambalo hakuna aliyelitaka mpaka barabara ya lami ilipofika.

Ofisa ardhi mmoja akizungumza kwa uzoefu wa kazi atakueleza kwamba mgogoro wa kiwanja cha michezo hauji na tingatinga. Huja na nguzo moja pembeni, kisha kibanda cha mkaa, kisha msingi wa nyumba ya vyumba viwili, na mwaka wa tatu kona ya uwanja inakuwa sebule ya mtu mwenye risiti. Wa kwanza kuliona hilo huwa ni kocha, kwa sababu ndiye aliyepo kila siku. Wengi wao wamelinda maeneo ya umma kwa kuyatumia tu, bila kujua kwamba walikuwa wakifanya kazi ya mkaguzi. Akiondoka, ulinzi huo unaondoka naye. Kwa hiyo wakati wa kulipa eneo jina ndio hasa wakati wa kulipima, maana aliyekuwa kinga yake hayupo tena au hawezi tena kusimama saa kumi kila siku.

Lipo pia suala la fedha, ambalo heshima ya kibao isitumike kulifunika. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Ni kanuni nzuri, lakini hulipa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu za mchezaji huyo. Kocha wa mtaani mwenye daftari la mistari na kundi la WhatsApp la wazazi hayumo katika hesabu hiyo. Mtoto aliyemfundisha tangu miaka minane akiuzwa ng'ambo akiwa na miaka 20, kocha husikia habari hiyo redioni kama msikilizaji mwingine yeyote. Timu yetu ya Taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022, Taifa zima lilishangilia. Furaha hiyo ilikuwa na mizizi katika viwanja ambavyo kamera hazikuwahi kufika.

Maofisa michezo wa halmashauri wanaweza kupunguza pengo hilo akiwa bado hai: kumsaidia kusajili kituo chake kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Na. 12 ya mwaka 1967, kumwingiza katika kozi za awali za ukocha, na kumfundisha kutunza kumbukumbu za wachezaji. Kusubiri afariki ndipo apewe kibao ni heshima nafuu mno kwa aliyewatumikia watoto wa wengine miaka thelathini.

Ipo tahadhari moja ambayo wengi huona haya kuitamka. Kocha wa watoto alikabidhiwa watoto, na jina lake likiwekwa ubaoni Serikali inatamka kwamba mikono hiyo ilikuwa salama. Kamati ya Maendeleo ya Kata isiridhike na sifa za msibani. Iwaulize wachezaji wa zamani, wavulana kwa wasichana, tena faraghani na si mbele ya mkutano. Iwaulize walimu na ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 imeweka wajibu wa kumlinda mtoto juu ya kila mmoja wetu, na wajibu huo haukomi kwa sababu mhusika alikuwa mtu wa watu. Mtu mwadilifu hapotezi kitu kwa kuulizwa habari zake. Kinyume chake, jina lililopitia uchunguzi husimama kwa uthabiti zaidi.

Hatari nyingine ni ndogo lakini huchelewesha mambo. Familia hubishana kuhusu jina lipi litumike, la ukoo au la utani ambalo watoto walilizoea. Wapo wanaotaka jina la mfadhili aliyetoa magoli ya chuma. Wapo wanaong'ang'ania jina la asili la mahali, nao wana hoja: Mnazi Mmoja, Kidongo Chekundu na Mwembeyanga ni majina yanayotunza mti na udongo ambao huenda haupo tena, na kuyafuta kwa ajili ya mtu yeyote ni hasara. Pale ambapo jina la mahali lina historia yake, busara ni kuliacha, na kocha apewe jukwaa, geti au kombe la kila mwaka la watoto. Haya yote huweza kumalizwa katika mkutano mkuu wa mtaa au kijiji, yakapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye Baraza la Madiwani, mradi tu ombi lifike likiwa na viambatisho vyake: muhtasari wenye mahudhurio, ridhaa ya familia kwa maandishi, maelezo ya maisha ya mhusika, na mchoro wa eneo. Maombi mengi hukwama katika kiambatisho hicho cha mwisho, kwa sababu mchoro wenyewe haupo. Diwani anayetaka kumuenzi kocha wa kata yake na aanzie hapo, kwa mpima ardhi, kabla hajamwita fundi wa vibao.

Kibao nacho kiwe na maneno. Mistari minne inatosha: alikuwa nani, alifanya kazi gani ya kumpatia riziki, alifundisha hapa kuanzia mwaka gani hadi upi, na nani walioomba jina hili. Gharama ya rangi haiongezeki kwa kiasi cha kuzuia hilo.

Mwandishi wa makala haya alijifunza kupiga mpira kwa mguu wa kushoto katika kiwanja cha namna hiyo, chini ya fundi cherehani ambaye alishona jezi zetu kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja wake. Alifariki dunia muda mrefu uliopita. Hoja ya kukiita kiwanja kwa jina lake ilitolewa, ikapigiwa makofi, ikaishia hapo. Leo kituo cha bodaboda kilicho kando ya barabara kinaitwa Kwa Kocha. Kiwanja kimebaki nusu, na upande lilipokuwa goli la kaskazini kuna nyumba sita zenye uzio na umeme. Katika likizo ya mwisho, mwandishi alimuuliza dereva kijana kwa nini mahali pale panaitwa hivyo. Alitafakari kidogo huku akifuta kioo cha pikipiki, kisha akajibu kwamba labda kuna kocha aliyepanga katika nyumba mojawapo kati ya zile.